Kunyanyua Pikipiki kwa Usalama Unapoihudumia Nyumbani

Pikipiki za aina ya Bajaj Boxer na TVS HLX, ambazo zimejaa katika vijiwe vya bodaboda kuanzia Dar es Salaam hadi Kisumu, zina uzito unaozunguka kilo 120 zikiwa hazina mzigo. Zikisimama juu ya magurudumu mawili na stendi ya pembeni, uzito huo hausumbui mtu. Ukiinyanyua pikipiki ili ufungue gurudumu au usafishe cheni, uzito ule ule unahamia kwenye sehemu mbili au tatu nyembamba, na kila kitu unachokifungua na kukiweka pembeni kinauhamisha tena. Fundi wa siku nyingi analijua jambo hili kwa mikono yake, hata kama hajawahi kulieleza kwa maneno. Anayefanya kazi uani kwake mara moja kwa mwezi hana budi kulifikiria kabla hajashika spana.

Mimi nililijua kwa njia mbaya. Nilikuwa nafungua gurudumu la mbele, pikipiki ikiwa juu ya stendi ya kati na kreti la soda likiwa limesukumwa chini ya injini. Ekseli, yaani kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu na kulishikilia, ilikuwa imeshika kutu, kwa hiyo nikawa naigonga kwa nyundo kutoka upande wa kushoto. Katika pigo la tatu au la nne kona moja ya kreti ilitoa mlio mdogo, kama muwa unaovunjwa, kisha pikipiki ikainama mbele, stendi ikajikunja, na chombo chote kikaenda chini upande wa kulia. Dakika chache kabla ya hapo mwanangu alikuwa amechuchumaa upande huo huo akinishikia tochi. Hakuna aliyeumia, kilichovunjika ni kioo kimoja na mkono wa breki. Karibu kila ninachokieleza hapa chini kinatokana na makosa yaliyokutana jioni ile: egemeo bovu, nguvu iliyotumika baada ya kunyanyua badala ya kabla, na mtoto aliyeruhusiwa kukaa mahali ambapo chombo kingeweza kuangukia.

Kabla ya kunyanyua

Anza na sakafu. Saruji iliyo sawa ndiyo bora, lakini nyumba nyingi zina uwanja wa udongo au mchanga, na hapo miguu ya stendi huzama polepole bila mtu kuona, hasa baada ya mvua. Tafuta ubao mmoja mrefu na mpana, wenye unene usiopungua sentimita mbili na nusu, uutandike mahali ambapo stendi ya kati na gurudumu la nyuma vitakaa. Ninasisitiza uwe mmoja, au kama ni mbao mbili ziwe na unene sawa, kwa sababu ukiweka ubao chini ya stendi peke yake unakuwa umeinua kimo ambacho pikipiki inapaswa kupanda, na utajikuta unavuta kwa mgongo kazi ambayo ingefanywa na mguu. Usifanyie kazi kwenye mteremko. Hata mteremko mdogo ambao jicho haliuoni unatosha kuisukuma pikipiki kutoka kwenye stendi. Mwaga maji kidogo sakafuni na uangalie yanakimbilia wapi.

Acha ekzosi na injini vipoe. Funga koki ya mafuta kwenye tanki, kwa kuwa pikipiki ikiinama petroli inaweza kufurika kutoka kwenye kabureta, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kufika kwenye jiko la mkaa la jirani kabla hujasikia harufu. Ondoa mizigo yote kwenye keria. Vaa viatu vilivyofunika vidole, si kandambili, na usivae msuli wala shati refu linaloning'inia. Watoto wawe ndani, au angalau wakae mbali kuliko urefu wa pikipiki ikiwa imelala. Kama unahitaji mwanga, ning'iniza taa kwenye msumari, usimpe mtoto tochi.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Nati zote ngumu zinazohusika na kazi yako, hasa nati za ekseli, zilegeze wakati magurudumu yote mawili bado yako chini. Nati ya ekseli ya nyuma huhitaji nguvu kubwa, na mara nyingi mtu huiongezea spana bomba ili apate mkono mrefu. Nguvu hiyo ikitumika wakati pikipiki inasimama juu ya miguu miwili ya stendi, unakuwa unaitikisa kutoka pembeni mahali ambapo haina uwezo wa kujishikilia. Zungusha nati nusu mzunguko tu, hadi usikie imekubali, kisha iache. Ile kazi nyingine ya kuifungua kabisa utaifanya kwa vidole baadaye. Kama ekseli imeshika kutu, ipulizie mafuta ya kulainisha jioni ya kuamkia siku ya kazi, uiache ilale nayo.

Kupandisha kwenye stendi ya kati

Stendi ya kati, ambayo vijana wa kijiweni huiita stendi kubwa, ndiyo njia salama kuliko zote kwa pikipiki iliyo nayo, na haihitaji misuli mingi. Anayeinyanyua pikipiki kwa mikono anaumiza mgongo bure.

Simama upande wa kushoto wa pikipiki, gia ikiwa kwenye nyutro na usukani ukiwa umenyooka. Mkono wa kushoto ushike mpini wa kushoto wa usukani, na wa kulia ushike chuma cha keria au kile cha kushikia abiria, karibu na kiti. Isimamishe wima kwanza, bila kuegemea upande wowote. Shusha stendi ya kati kwa mguu wa kulia hadi miguu yake iguse ubao, kisha tikisa pikipiki kidogo kushoto na kulia. Utasikia kwenye kiganja wakati miguu yote miwili imegusa kwa pamoja, kwa sababu ule mlegeo unakoma. Usiendelee kabla ya kuusikia mkomo huo. Watu wengi huangusha pikipiki hapa, kwa kukanyaga stendi ambayo mguu wake mmoja tu ndio uliogusa chini.

Baada ya hapo hamishia uzito wa mwili wako wote kwenye ule mguu wa kulia, kana kwamba unapanda ngazi, huku mkono wa kulia ukielekeza keria juu na nyuma. Pikipiki itarudi nyuma kidogo na kupanda yenyewe. Usibane breki ya mbele wakati huu, kwa kuwa gurudumu la mbele linapaswa kuviringika. Ikikataa, iteremshe na ujaribu upya ukiwa umeweka kipande kingine chembamba cha ubao chini ya gurudumu la nyuma peke yake. Sentimita mbili za msaada hapo hugeuza kazi ya watu wawili kuwa ya mtu mmoja. Kama bado inakataa, angalia miguu ya stendi yenyewe. Kwenye pikipiki za biashara zilizokwisha kubeba magunia na abiria watatu kwa miaka, miguu hiyo huwa imelika au bolti ya stendi imetanua tundu lake, na stendi ya namna hiyo ikachomelewe kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote.

Kuizuia isitoke

Pikipiki iliyo juu ya stendi ya kati hutoka kwa kwenda mbele. Stendi hujikunja kuelekea nyuma, na mara ikianza kujikunja hakuna mkono wa kuizuia. Kwa sababu hiyo kila unachofanya kuilinda kielekee kuzuia mwendo huo mmoja. Weka kabari ya mbao mbele ya gurudumu la mbele, iliyobana hasa. Funga breki ya mbele kwa kuuviringishia mkono wake mpira. Kuiweka pikipiki kwenye gia hakusaidii hapa, maana gurudumu la nyuma liko hewani na injini haishiki kitu chochote chini.

Kisha chukua kamba, uifunge kwenye chuma kinachounganisha miguu ya stendi ya kati, uipeleke mbele na kuikaza kwenye fremu iliyo mbele ya injini, bila kuigusisha ekzosi. Kamba hiyo inaifanya stendi ishindwe kujikunja hata pikipiki ikisukumwa. Ninasema kamba au mkanda wa kufungia mizigo, si ile mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ambayo kila bodaboda anayo kwenye keria. Mpira wa tyubu unafaa kubana mkono wa breki na unafaa kushika gunia la mkaa, kwa sababu unavutika na kurudi. Lakini stendi inahitaji kitu kisichovutika, maana sentimita chache tu za kulegea zinatosha kuivusha stendi mahali pa kurudi.

Wakati wa kazi yenyewe, elekeza nguvu ya spana chini au kuelekea nyuma ya pikipiki. Kama nati inakulazimu kuvuta kuelekea mbele, badilisha pembe ya spana au uhamie upande mwingine.

Kwa kusafisha na kulainisha cheni, hapo ulipofika panatosha. Zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, ukipaka mafuta kwenye sehemu ya chini ya cheni. Usiwashe injini ili gurudumu lijizungushe. Ninajua jinsi inavyookoa muda, na nimeona inavyofanywa kila siku, lakini kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, kinavuta vidole pamoja nacho, na vidole havina muda wa kuachia. Ulegevu wa cheni wenyewe umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingine kwenye stika iliyobandikwa karibu na gurudumu la nyuma. Ufuate huo, wala usiukisie kwa jicho.

Gurudumu la mbele

Kuondoa gurudumu la nyuma hakuhitaji egemeo la ziada katika pikipiki nyingi za namna hii, kwa kuwa ukilitoa, upande wa nyuma unakuwa mwepesi na pikipiki inazidi kuegemea gurudumu la mbele. Gurudumu la mbele ndilo linaloangusha watu. Lenyewe ndilo mguu wa tatu wa chombo, na ukilitoa bila kuweka mguu mwingine, pikipiki inainama kichwa na kujisukuma kutoka kwenye stendi.

Mguu huo mwingine uwe ni magogo ya mbao yaliyokatwa bapa, yakapangwa kwa kupishana, mawili kwa urefu na mawili kwa upana, hadi yafikie chini ya injini. Usitumie tofali la saruji lenye matundu. Linabeba uzito mkubwa likilazwa ukutani na kujengewa, lakini chuma chembamba kikiligandamiza kwenye sehemu moja linapasuka ghafla bila dalili. Jiwe la mviringo linaviringika. Kreti la soda nimekwisha kulieleza.

Chunguza chini ya pikipiki yako kwa macho kabla ya kuchagua mahali pa kuegemeza. Kama fremu ina mabomba yanayopita chini ya injini, hayo ndiyo yabebe uzito, yote mawili kwa pamoja. Kama injini inaning'inia bila bomba chini yake, egemeo likae chini ya sehemu pana na bapa ya kasha la injini, likiwa na kipande cha tairi kuukuu juu yake ili lisikwaruze wala kuteleza. Kasha hilo ni la alumini, na kona kali ya mbao au chuma inaweza kulitoboa. Epuka kabisa nati ya kumwagia oili, bomba la ekzosi, na kanyagio la gia.

Kimo cha magogo nacho kina kipimo chake. Mwambie mwenzako ashike keria na kuigandamiza chini, gurudumu la mbele lipande sentimita mbili au tatu kutoka sakafuni, kisha wewe uingize magogo hadi yaguse, naye aachie polepole. Usiyazidishe. Ukipandisha sehemu ya mbele kupita kiasi, uzito unahamia kwenye gurudumu la nyuma na miguu ya stendi inaanza kuinuka, na hapo unabaki na pikipiki inayosimama juu ya tairi na rundo la mbao. Pitisha karatasi chini ya kila mguu wa stendi. Ikipita, punguza kimo. Watu wengine hufunga mfuko wa mchanga kwenye keria ili kuivuta nyuma. Unaweza kuuongeza juu ya magogo ukipenda, lakini usiufanye badala ya magogo, kwa sababu siku mfuko ukichanika mchanga unamwagika na mizani yote inageuka ukiwa umeshika ekseli mkononi.

Kama breki ya mbele ni ya diski, fungua ule mpira uliobana mkono wa breki kabla ya kutoa gurudumu, na mtu yeyote asiubonyeze tena hadi gurudumu lirudi. Ukibonyezwa, pistoni zinatoka nje, pedi zinakutana, na diski haitaingia tena bila usumbufu. Kuanzia hapo kinachoshikilia pikipiki ni ile kamba ya stendi, kwa hiyo ikague kwa mkono kabla ya kuendelea.

Pikipiki isiyo na stendi ya kati

Pikipiki za njia mbaya, kama Yamaha DT 125, huja na stendi ya pembeni tu. Kuna ujanja wa kuiegemeza pikipiki juu ya stendi hiyo hadi gurudumu moja lipae, kisha kusukuma jiwe upande wa pili. Ninaukataza kwa sababu stendi ya pembeni imetengenezwa kubeba sehemu ndogo ya uzito, na bolti yake moja ndiyo inayopokea wote. Kuilaza pikipiki chini ubavu hakufai pia: petroli huvuja kwenye kifuniko cha tanki, na betri ya maji humwaga asidi inayokula rangi, nguo na ngozi.

Njia nzuri ni kupeleka vipimo kwa seremala. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya fremu pikipiki ikiwa imesimamishwa wima, ongeza sentimita nne au tano, na umwombe akutengenezee sanduku la mbao ngumu la kimo hicho, lenye kitako kipana kuliko juu. Watu wawili wazima, mmoja kwenye usukani na mmoja kwenye keria, wanainyanyua sehemu ya nyuma kisha ya mbele huku wa tatu akilisukuma sanduku. Wakubaliane kwanza nani atatoa amri ya kunyanyua na ya kushusha, na mtu mmoja tu ndiye aitoe. Ikishakaa, mikanda miwili kutoka kwenye usukani, mmoja kila upande, ifungwe kwenye nguzo au vigingi vilivyo imara.

Jeki ya gari inaweza kusaidia pale ambapo watu hawapo, ila itendee kama chombo cha kupandishia tu. Kichwa chake ni kidogo, na pikipiki iliyo juu yake inaweza kuzunguka kama kofia juu ya kijiti. Weka kipande kipana cha ubao kati ya kichwa cha jeki na fremu, pandisha kidogo kidogo huku stendi ya pembeni ikiwa bado imeshuka na usukani umefungwa kwa mikanda pande zote mbili, uikaze mikanda hiyo kadiri chombo kinavyopanda, kisha panga magogo na uiteremshe jeki hadi uzito ukae juu ya magogo. Jeki ya mafuta ambayo muhuri wake umechoka hushuka yenyewe polepole, na hutaiona inashuka.

Ikianza kuanguka, kwa njia yoyote uliyoitumia, iache. Rudi nyuma hatua mbili. Ndiyo maana ni lazima kabla ya kuanza ujue ni upande gani utakaoukimbilia, na upande huo usiwe na ukuta, ndoo wala boksi la spana nyuma yako. Kioo na mkono wa breki vinauzwa dukani. Pikipiki ikishalala na umehakikisha haivuji petroli, iweke kwenye gia ili isiviringike. Kama imelalia upande wa kulia, toa kwanza stendi ya pembeni, ambayo sasa iko juu, ili ikisimama ipate pa kuegemea. Chuchumaa ukiipa mgongo, matako yakiwa yameegemea kiti, mkono mmoja kwenye mpini wa usukani ulio chini na mwingine kwenye keria, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma kwa hatua fupi.

Kuishusha

Rudisha gurudumu, ingiza ekseli na ukaze nati kwa kiasi cha kushika tu. Ondoa magogo wakati mwenzako amegandamiza keria, kisha fungua kamba ya stendi. Anayesahau kamba hiyo huishia kusukuma pikipiki isiyotaka kutoka, na anapozidisha nguvu inatoka kwa kishindo. Ondoa kabari mwisho. Simama tena upande wa kushoto, shusha stendi ya pembeni, shika usukani kwa mikono miwili vidole vya kulia vikiwa tayari kwenye breki ya mbele, na uisukume mbele kwa nyonga. Ikitua, bana breki na uiegemeze kwako.

Nati za ekseli zikazwe kikamilifu sasa, magurudumu yakiwa chini. Kama ulifungua gurudumu lenye breki ya diski, bonyeza mkono wa breki mara kadhaa hadi uwe mgumu, kwa sababu bonyezo la kwanza linaweza kwenda tupu. Endesha taratibu ndani ya mtaa wako kilomita moja hivi ukijaribu breki zote mbili, kisha simama na ukague nati za ekseli tena, na usogeze kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko kawaida, breki yake inashika wakati haijabanwa, na itabidi uinyanyue pikipiki tena.